Samaki wa friza nao huhesabiwa: kuvua krapi kwenye barafu ya Minnesota, kwa Waganda walio huko

Sisi tuliokulia kwenye sheria za Ziwa Victoria tunaingia kwenye barafu ya Minnesota tukijiandaa kwa swali lisiloulizwa. Nyumbani ofisa akisimamisha mtumbwi anatoa rula: sangara awe na inchi 20, ngege inchi 11, na nyavu zikaguliwe matundu. Tangu wanajeshi wa FPU, kikosi cha jeshi cha kulinda uvuvi, waanze kulinda maziwa mwaka 2017, hata mtoto wa Katosi au Kasensero anajua kwamba samaki mfupi ni kesi. Idadi haimsumbui mtu. Ukirudi mwaloni na mtumbwi uliojaa sangara wa kipimo, unapongezwa. Minnesota swali la kwanza ni: una wangapi? Na hesabu haiishii kwenye ndoo iliyo mbele yako, inafika mpaka kwenye friza ya nyumbani.

Hapo ndipo watu wetu wanapoumia, kwa hiyo nalisema mapema na nitalirudia. Kikomo cha jumla cha krapi (crappie, samaki mdogo bapa wa maziwa ya Amerika) Minnesota ni 10 kwa mtu. Kumi hao ni wa siku, na hao hao ndio wa kumiliki. Kumiliki ni popote samaki alipo: kwenye ndoo, kwenye buti la gari, kwenye friza ya gereji, kwenye friza ya rafiki uliyemwomba akutunzie. Ukivua 10 Jumamosi ukawagandisha wote, Jumapili huna nafasi ya hata mmoja mpaka wale wa jana waanze kuliwa. Ukila wanne, umepata nafasi ya wanne. Watu husoma "10 kwa siku", wanazidisha kwa siku za wikendi, wanajaza friza kwa moyo safi kabisa, na moyo safi haumo kwenye kanuni. Kumkausha au kumfukiza moshi hakumtoi kwenye hesabu. Kikomo cha mke wako aliyebaki nyumbani si chako kuvua.

Tena hiyo 10 ni ya jumla tu. Ziwa unalokwenda linaweza kuwa na namba yake, na namba ya ziwa ndiyo inayotawala. Blugili, binamu wa krapi aliye bapa kama kiganja, kikomo chake cha jumla ni 20, lakini kuanzia 2021 maziwa mengi yamewekewa 5 au 10 ili samaki wakubwa wasiishe. Yapo maziwa ambayo krapi ni 5, na mengine yenye urefu wa chini. Kwa hiyo tafuta jina la ziwa kwenye LakeFinder, ukurasa wa mtandaoni wa Idara ya Maliasili ya Minnesota, soma kijitabu cha kanuni cha mwaka huo huo (si cha mwaka jana ulichopewa na rafiki), kisha soma kibao kilichopigiliwa pale pa kuingilia ziwani. Kibao hicho kina maandishi madogo na mara nyingi kimefunikwa theluji. Kifute kwa glavu, ukisome. Ukivuka mpaka kwenda Wisconsin hesabu inaanza upya: kule kikomo cha jumla cha samaki hawa wadogo ni 25 kwa siku wakichanganywa wote, na ndoana tatu badala ya mbili za Minnesota.

Red Lake, kaskazini, ni onyo la peke yake. Ziwa la chini lote na upande wa magharibi wa ziwa la juu ni mali ya taifa la Wenyeji wa asili wa Red Lake, na mtu wa nje haruhusiwi kuvua humo. Barafu haina ukuta, ni uwanda mweupe mmoja. Beba GPS, ujue mstari uko wapi kabla hujatoboa.

Wengi wanaiona tiketi ya samaki, ile karatasi ya kosa anayokuandikia ofisa, kama faini ndogo ya kulipa na kusahau. Mwenye pasipoti ya Marekani anaweza kusahau. Wewe mwenye grini kadi, siku utakapojaza fomu N-400 ya kuomba uraia, utakutana na swali la kama umewahi kukamatwa, kushikiliwa au kuandikiwa tiketi na ofisa wa sheria. Ofisa wa uhifadhi ni ofisa wa sheria kamili, mwenye bunduki na mamlaka, hata akiwa amekuja na pikipiki ya theluji na tabasamu. Krapi watatu wa ziada peke yao kwa kawaida si sababu ya kunyimwa uraia. Kuwaficha ndiko kunakoharibu, kwa kuwa hapo kosa la ndoo limegeuka kuwa uongo chini ya kiapo. Kama unayo tiketi, tunza karatasi zake zote, itaje, na umwone wakili wa uhamiaji kabla hujatuma fomu.

Ndugu wa nyumbani nao wanachangia, kwa upendo. Shangazi wa Masaka akiona picha ya ndoo kwenye WhatsApp anaandika, "Mwanangu, hao samaki wote, mbona huwakaushi ukatutumia?" Binamu anauliza kwa nini usiwauzie Waganda wenzako wa hapo. Shangazi, tunakuheshimu, lakini hili si kama mukene (dagaa) wa kuanika juu ya mwamba. Krapi aliyevuliwa kwa leseni ya burudani haruhusiwi kuuzwa, hata kwa jirani, hata kwa bei ya petroli tu. Binamu naye asitume ushauri wa biashara kwa mtu ambaye kesi ndogo inaweza kumkaa kwenye faili miaka mingi.

Leseni yenyewe ni kazi ya dakika tano mtandaoni au duka la vifaa. Mkazi ni aliyekaa jimboni siku 60 mfululizo. Usinunue ya mkazi ukiwa na siku 40.

Barafu

Barafu mpya iliyo safi, inayoonekana nyeusi kwa sababu unaona maji chini yake, inahitaji unene wa inchi 4 kumbeba mtu anayetembea. Pikipiki ya theluji inchi 5 hadi 7, gari dogo 9 hadi 10, pikapu 13. Barafu nyeupe, ile yenye theluji iliyoyeyuka ikaganda tena, ina nusu ya nguvu hiyo, kwa hiyo zidisha unene mara mbili. Anayekuja kwa mara ya kwanza aache gari kwenye maegesho na atembee, hata akiona magari mengine katikati ya ziwa. Wenye magari hayo wamekuwa wakipima tangu mwanzo wa Desemba. Wewe umefika leo.

Unene haulingani ziwa zima. Penye chemchemi, penye mto unaoingia, chini ya daraja, kwenye mlango mwembamba kati ya sehemu mbili za ziwa, na karibu na mashine za kupuliza hewa majini, barafu inaweza kuwa inchi 2 hatua chache kutoka kwenye inchi 8. Theluji nene juu yake ni blanketi: inazuia baridi isishuke, barafu haikui. Tembea na mtaimbo, piga mbele yako kwa nguvu kila baada ya hatua chache. Ukipenya kwa pigo moja au mawili, rudi ulikotoka kwa nyayo zile zile. Kila mita 45 hivi toboa na upime kwa rula.

Vaa jaketi la kuokolea chini ya koti au suti inayoelea, na uning'inize shingoni vishikio viwili vya misumari. Ukizama, geuka upande ulikotoka kwa kuwa barafu ile ilikubeba, choma misumari, piga miguu kama unaogelea mpaka tumbo liwe juu, kisha biringika. Usisimame. Waliojifunza kuogelea Entebbe wasidhani ustadi huo unatosha: maji ya karibu na sifuri hukata pumzi mara moja, na vidole hufa ganzi ndani ya dakika chache.

Ndani ya hema, hita ya gesi huua kama sigiri ya makaa inavyoua ndani ya chumba kilichofungwa Kampala. Hewa ile ya sumu haina harufu. Acha wazi tundu la juu na la chini, na uweke king'ora cha kaboni monoksaidi chenye betri mpya.

Ziwa gumu na samaki wanaoelea

Maziwa yanayowashinda wengi ni yale ya maji maangavu, yenye kina, na yenye watu wengi juu yake. Samaki wamo, sona (kifaa kinachoonyesha samaki walio chini ya maji) inawaonyesha, lakini hawali. Anayejua kwa nini wako pale anaokoa nusu ya siku.

Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi. Kwa hiyo wakati wa baridi mambo yanapinduka: yaliyogusa barafu yana sifuri, ya chini yana joto kidogo zaidi. Barafu inapoanza, majani ya majini bado ni ya kijani na yanatoa oksijeni. Krapi na blugili wanakaa humo kwenye mita 2 hadi 4. Theluji ikilala, mwanga unazimika, majani yanakufa na kuoza, na oksijeni inapungua. Krapi wanahamia kwenye bonde la katikati, mita 7 hadi 11. Ila tope la chini kabisa nalo linakula oksijeni, kwa hiyo kadiri Februari inavyosogea samaki wanapanda na kuelea katikati ya maji. Tunajua jambo hili kwa uchungu: sangara walioelea wakiwa wamekufa kwenye Victoria na Kyoga mwanzoni mwa 2021, serikali ilieleza kwamba oksijeni ilipungua majini.

Chakula chao bondeni ni vijidudu vya majini na mabuu ya nzi wa ziwani, wa ukoo ule ule wa wale wanaopanda kama moshi juu ya Victoria. Mabuu haya hujificha kwenye tope mchana na kupanda juu giza likiingia. Krapi hupanda nayo. Ndiyo maana saa moja kabla ya jua kuzama na saa moja baada yake hupita mchana mzima kwa uzuri, na ndiyo maana samaki aliyekuwa mita 9 saa tisa alasiri unamkuta mita 5 saa kumi na mbili jioni. Ukiacha chambo pale pale, anakula juu ya ndoana yako na wewe hujui.

Chukua ramani ya kina, tafuta bonde lililo karibu na majani, na utoboe mstari wa matundu 10 hadi 15 kuanzia mita 6 kushuka hadi mita 10, kila tundu mbali na jingine kwa hatua 10. Toboa yote kwanza. Kelele za keekee huwatawanya, nao hurudi ukishatulia. Kisha pita na sona tundu kwa tundu. Hakuna alama ndani ya dakika tano, sogea. Kukaa kwenye tundu moja na kusubiri bahati ni desturi ya mtu aliye na nyavu. Mwenye ndoana moja ndogo anatembea. Zaidi ya mita 9, fikiri mara mbili kwa sababu nitakayoieleza chini.

Vifaa

Keekee ya mkono ya inchi 6 inatosha krapi na ni nyepesi kubeba. Upawa wa matundu wa kuchota vipande vya barafu. Ufito wa sentimita 60 hadi 75 wenye ncha laini. Mshipi wa ratili 2 kwa blugili na 3 au 4 kwa krapi. Ndoana ziwe za jigi (ndoana yenye kichwa kizito cha chuma) ya tangisteni ya milimita 3 hadi 5. Tangisteni ni nzito kuliko risasi kwa umbo lile lile, kwa hiyo kitu kidogo kinashuka haraka na kuuweka mshipi wima. Mshipi uliojikunja kama springi humzungusha chambo taratibu, na krapi wa maji maangavu hamgusi chambo anayezunguka. Ukiuona unajikunja, ukaushe kwa kuuvuta kati ya vidole vya glavu, au ubadilishe. Chambo ni funza wa nondo au visamaki hai vidogo vya inchi moja na nusu. Visamaki hai usiwamwage ziwani, na maji ya ziwa usiondoke nayo kwenye ndoo.

Macho ya krapi yametazama juu, hula kwa kupanda. Weka jigi sentimita 30 hadi 60 juu ya alama anayoonyesha sona, kamwe isiwe chini yake. Itikise kidogo sana ili aione, kisha iache kimya. Akipanda na kusimama chini yake, hapa ndipo wengi wanamharibu kwa kuendelea kutikisa. Nyanyua polepole, sentimita 10, simama. Akifuata, nyanyua tena. Samaki anayefuata anakaribia kuamua. Chambo kinachomkimbia kidogo humshawishi kuliko kinachomchezea puani.

Kuuma kwake mara nyingi hakuvuti. Krapi akimeza akiwa anapanda, uzito wa jigi unatoweka: ile springi ndogo kwenye ncha ya ufito, iliyokuwa imeinama kidogo, inanyooka tu. Mshipi unalegea. Anayengoja mvuto kama wa sangara atarudi mikono mitupu. Ikinyooka, nyanyua kifundo cha mkono, si bega, kwa sababu mdomo wa krapi ni ngozi nyembamba kama karatasi na ndoana hupasua. Mvute bila kusita na bila kumrusha.

Kwenye maji maangavu ya kina kifupi usiondoe theluji yote kuzunguka tundu. Mwanga unaoshuka na kivuli chako kinachosogea humtisha. Acha theluji, acha vipande vya barafu nusu tundu.

Sasa lile la kina. Krapi akivutwa kutoka zaidi ya mita 9 au 10, kibofu chake cha hewa kinapanuka kuliko anavyoweza kukipunguza. Macho yanatoka, mfuko wa tumbo unajitokeza mdomoni, na wengi wakirudishwa hufa hata kama wameondoka wakiogelea. Hapa kanuni na maumbile yanakubana kwa pamoja. Ukishafikisha 10, Minnesota hairuhusu kubadilisha mdogo kwa mkubwa. Ukiendelea "kwa burudani tu" kwenye mita 11, unaua usiowahesabu. Ukiwa na nafasi ya sita tu kwa sababu wanne wako friza, vua sita wa kwanza bila kuchagua kisha kunja mshipi, au hamia kwenye mita 5 ambako anayerudishwa anapona. Nasema tena: hesabu friza kabla ya kuwasha gari, andika namba kwenye mkono kama huna karatasi, na kila mfuko unaougandisha uandike tarehe, ziwa na idadi ya samaki. Minofu isiyohesabika kwenye mfuko mmoja mkubwa ni maelezo marefu mbele ya ofisa.

Kuhusu wenyeji. Watu wa Minnesota ni wapole na hawasemi. Mwaloni Ggaba unajua samaki wako wapi kabla hujafunga kamba, kwa kelele tu. Kule mtu atakusalimia, atakuuliza habari za baridi, na hatakuambia kina. Usitoboe karibu na tundu la mtu. Acha nafasi ya kutosha mtumbwi mzima kugeuka, kwa sababu nafasi ndiyo adabu yao. Na mtu huyo huyo aliyekusalimia vizuri akiona ndoo yako imezidi, atapiga simu ya kuripoti uvuvi haramu kabla hujafika kwenye gari. Wapo wetu wanaolichukulia hilo kama ubaguzi. Upo ubaguzi Marekani, sitaukanusha, lakini simu hiyo hupigwa pia dhidi ya shemeji zao. Wao wanaliona ziwa kama shamba la kila mtu, na mimi naona wako sahihi. Tungekuwa na tabia hiyo kwenye BMU, kamati zetu za kusimamia mialo, pengine wanajeshi wasingehitajika majini.

Mwisho wa msimu una mtego wake. Machi, theluji ikiyeyuka na maji kuingia kupitia matundu, oksijeni hurudi na krapi hurejea kwenye ghuba za kina kifupi wakila kwa njaa. Ni wiki bora za mwaka. Lakini leseni ya mwaka ya Minnesota huisha siku ya mwisho ya Februari, na mahema yanayoachwa ziwani usiku yana tarehe ya kuondolewa mwezi huo huo wa Machi, kusini mapema kuliko kaskazini. Leseni uliyoinunua Januari haikufikishi Machi hata kama ina wiki sita tu. Nunua mpya usiku wa tarehe 28, pima barafu upya kwenye kingo kila asubuhi kwa kuwa huanza kuoza pale inapogusana na nchi kavu, na ukiona maji yametenganisha ukingo na barafu, geuza sleji urudi nyumbani.